Ncha Iliyobaki Tunduni

Verna Pardy aliolewa na Arvo Niskala akiwa na meno yote na ucheshi wote, na katika hivyo viwili kilichobaki ni meno.

Arvo alikuwa fundi umeme kwenye maghala ya nafaka ya bandari ya Thunder Bay, mtu wa kazi safi na mdomo mchafu. Alipostaafu, mdomo haukustaafu. Aliitia kompyuta yake ya mezani Linux, ule mfumo wa bure ambao wanaume wa aina yake huupenda kuliko wake zao, kisha akajifanya hakimu wa jukwaa moja la mtandaoni ambako watu huulizana mambo ya mfumo huo. Huko alijiita Nyundo. Mgeni akiuliza kwa adabu kwa nini spika zake hazitoi sauti, Nyundo alimjibu, "Mwongozo umeandikwa kwa wenye macho. Umesoma?" Halafu alifunga mjadala na kugeukia jikoni kutafuta mtu wa kucheka naye. Mtu huyo alikuwa Verna, na Verna alicheka, maana asipocheka zamu ya kuchekwa ingekuwa yake.

Ndani ya kompyuta ile Verna alikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni sauti ya mama yake. Mama huyo, Effie, wa kijiji kimoja cha kisiwa cha Newfoundland, hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake zote alizisema kwenye kaseti: nani kafa, nani kazaa na mume wa nani, samaki wamekaukaje mwaka huu. Na kila mara alimalizia, "Haya Verna mwanangu, kanda inaisha. Funika masikio, usipigwe na baridi." Effie alishakufa siku nyingi. Arvo alizihamishia sauti zile kwenye kompyuta, akazitupa kaseti zenyewe kwa kuwa zilijaza kabati, na tangu hapo kila wakikaa mezani aliigiza lafudhi ya mkwewe, kama bata aliyekwamwa na mfupa.

Basi Verna akawa anasikiliza kwa siri. Jumapili, Arvo akienda kuoga mvuke kwa kaka yake, yeye alichomeka hedifoni kwenye tundu la mbele la kompyuta, akakaa na mama yake, na akazichomoa kabla gari halijaingia uani.

Jumapili moja theluji ilimrudisha Arvo mapema. Verna aliposikia mlango wa gari alivuta waya kwa pupa, pini ikakatika, na ncha yake ikabaki ndani ya tundu. Hedifoni alizifukia kwenye ndoo ya unga. Jioni Arvo alipotaka kusikiliza mechi ya hoki, spika hazikutoa hata mkwaruzo.

Kompyuta ikihisi kitu kwenye tundu la hedifoni, huzinyamazisha spika. Hiyo ndiyo kazi yake, na ile ilikuwa inaifanya vizuri. Tena ilisema kweli tupu: iliandika kwenye kioo kwamba hedifoni zimechomekwa. Arvo akakitukana kioo.

"Hedifoni gani, we bati? Humu ndani nani ana hedifoni?"

"Labda imechoka," Verna alisema.

"Kilichochoka ni ubongo wako. Hii ni programu, inadanganya. Nenda kaoshe vyombo, mama."

Verna alikuwa na maneno tayari mdomoni: Arvo, nimevunja pini. Akaenda nayo kuosha vyombo.

Mwanzoni ilikuwa hofu. Baadaye, nisimpambe, ilikuwa raha. Arvo alipiga amri moja baada ya nyingine, akapandisha sauti na kuishusha, akazima na kuwasha, jasho likimtoka katikati ya baridi ile. Tundu lenyewe lilikuwa chini ya meza, mkono unalifikia, lakini hakuinama. Mtu wa jukwaa lile huamini kwamba ubaya wote uko kwenye programu, na kuinama ni kazi ya wasiojua. Mwisho ikambidi aulize, yeye Nyundo, mbele ya wale wale aliowapiga. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mwongozo umeandikwa kwa wenye macho, mzee wangu," wa kwanza alimwandikia. "Umesoma?"

"Jamani, mpisheni babu, amepoteza sauti," wa pili akadakia. "Dua zetu zimejibiwa."

"Umeangalia kama hujasahau hedifoni tunduni? Swali la kitoto, ila ndiyo darasa lako," wa tatu akamalizia.

"Nilishika umeme kabla baba yako hajabalehe!" Arvo aliandika.

Verna aliyasoma yote akiwa nyuma yake na kikombe cha chai. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, naye aliyekuwa nguoni alikula akashiba. Sentensi moja tu ingemaliza yote, na aliinyima kwa makusudi, wiki baada ya wiki. Hata mama yake hakumsikia muda wote huo. Alijiambia mama hana haraka.

Ndipo Arvo alipotangaza kwamba anafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Ndiyo dawa aliyokuwa akiwaandikia wengine kila siku. Kikombe cha Verna kilisimama njiani.

"Vitu vyetu umeshavihifadhi?"

"Unanifundisha kazi? Vyote vya maana viko kwenye diski ya pembeni."

Alitaka kuuliza kama mama yumo. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini angelitaja jina la mama, bata angeanza kulia mezani, na siku ile hakuwa na nguvu za kumsikiliza bata.

"Haya," alisema.

Arvo akafuta, akaweka upya, na spika zikabaki kimya. Hapo ndipo alipovunjika. Alikaa akiitazama ile kompyuta mpya tupu, na bado ilimwambia hedifoni zimechomekwa. Jioni ile ile alichukua tochi, akapiga magoti kwa kuugua, akachungulia. Ncha aliitoa kwa kijiti cha meno chenye tone la gundi.

"Verna! Njoo hapa, njoo usikie!"

Mfumo ule una sauti ya mwanamke ya kujaribia spika. Arvo alibonyeza, na mwanamke yule akasema, wazi na bila haraka, "Mbele kushoto. Mbele kulia." Arvo alifurahi hata akamshika mkewe kiuno.

"Niwekee mama," Verna alisema.

"Mama gani?"

"Kanda za mama, Arvo."

"Zile kelele? Sikuzihifadhi. Ningemhifadhia nani? Hujawahi kuzisikiliza hata siku moja."

Verna alikwenda jikoni. Alirudi na hedifoni nyeupe kwa unga, akaziweka mezani mbele yake. Arvo alichukua ile ncha, akaisogeza kwenye pini iliyokatika, na vikakutana bila nafasi.

"Ulijua," alisema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukaniacha nichekwe na dunia nzima."

"Na mimi nilicheka."

Arvo akavuta kiti, akafungua jukwaa, na juu ya mjadala wake akaandika kwamba tatizo limetatuliwa. Chini yake akaongeza, "Chanzo: mke." Vicheko vilianza kumiminika, na safari hii vilikuwa upande wake. Akabonyeza tena ile sauti ya majaribio, na tena, ili kuwa na hakika.

"Mbele kushoto. Mbele kulia."

Verna alizichukua hedifoni, akazivaa na unga wake, waya ukining'inia bila pini. Akazikandamiza kwa mikono miwili, akafunika masikio kama alivyoagizwa kila kanda ilipokwisha.