Mkono wa Kulia wa Kinyozi

Mume wangu alikuwa kinyozi, na maringo alikuwa nayo. Ukikalia kiti chake husemi unavyotaka, unanyamaza, unanyolewa. Mimi mwenyewe miaka yote hiyo sikuthubutu kumwambia apunguze hata ndevu zake.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia baridi, halafu chai kali, halafu mimi, eti namkera. Jina la ugonjwa, Parkinson, tulilisikia hospitali baada ya yeye kumkata mteja sikio. Si kulikata likadondoka, jamani, ni kulichana tu, lakini damu ya sikio haina adabu, ilirukia hadi kioo. Habari ilifika sokoni kabla mteja mwenyewe hajafika kwake.

Dawa zililegeza mwili, mtetemo ukagoma kuisha. Ndipo daktari, binti wa kuweza kuwa mwanetu, akatueleza habari za mionzi. Hakuna kisu wala kupasua fuvu. Miale mingi myembamba inatoka pande zote, inakutana kwenye sehemu moja ndogo ndani ya ubongo, ile inayotetemesha mkono, na kuiunguza polepole.

"Tutatibu mkono wa kulia tu, mzee," alisema. "Na usitarajie utoke hapa mkono umetulia, huchukua miezi. Ugonjwa wenyewe utabaki."

"Mwanangu, nipe mkono. Huo utakaobaki nitakaa nao."

Roho yangu ilikuwa juu. "Unakwenda kuchomwa ubongo kwa ajili ya ndevu za watu?"

"Bila ndevu za watu mimi ni nani?"

Nikamkunjia shati.

Siku ya siku wakampiga ganzi, wakamfunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu, wakamlaza ndani ya mashine. Alitoka mzima, anaulizia chakula, na mkono unatetemeka vilevile. Nikasema moyoni, hapa tumeambulia patupu.

Miezi ikapita. Kila asubuhi alifungua duka, akafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja. Majirani walipita kumjulia hali, vichwa vimenyolewa upya, na yeye akitazama kisogo tu alijua kimepita kwa nani. "Huyu kanyolewa na kijana wangu niliyemfundisha," ananinong'oneza, "bado hajui kumalizia nyuma ya sikio." Anacheka, lakini chakula hakimpiti kooni. Ilinichoma, nakwambia. Nilitamani kuwatukana wote.

Halafu asubuhi moja akamimina chai, kikombe kikajaa bila tone kumwagika. Tukatazamana. Akamimina cha pili, na cha tatu, sijui nani angekunywa chai yote ile! Nililia kama mjinga.

Hakungoja hata kikombe kipoe. Akamwita fundi viatu wa mlango wa pili, mtani wake tangu ujana. "Njoo ukae, ndevu zako zinatia mtaa aibu."

Fundi viatu akaja, akakaa, akapakwa povu. Nilisimama mlangoni nikaona wembe ukishuka shavuni, polepole kuliko zamani, lakini umenyooka. Upande mmoja wa uso ukawa safi. Wembe ukafika shingoni, ukasimama.

Nikadhani mtetemo umerudi mkononi. Mkono ulikuwa umetulia tuli. Aliyekuwa akitetemeka ni fundi viatu. Ameng'ang'ania kiti, amefumba macho, povu linacheza kidevuni.

"Unaniogopa?" mume wangu akamuuliza.

"Nikuogope wewe? Nyoa, bwana."

"Fumbua macho basi."

Hakufumbua.

Mume wangu akakunja wembe. Akachukua taulo, akamfuta povu taratibu, mpaka lile lililoingia sikioni.

"Nenda kwa yule kijana wangu," akamwambia, "akumalizie upande wa pili."