Mgomba Uliozikwa Badala ya Kaloki

Samansi ililetwa na askari wa chifu, Nzisa akiwa anapukuchua mahindi kando ya ghala. Askari huyo hujulikana Kathiani nzima kwa kupenda chai ya watu, lakini siku hiyo alikataa hata maji. Aliiweka karatasi juu ya gunia, akasema, "Ni ya mzee," kisha akajiondokea haraka bila kuaga.

Mzee mwenyewe, Kaloki, mumewe Nzisa, alikuwa amekufa. Ama tuseme alikuwa amezikwa, maana hayo mawili si lazima yawe kitu kimoja. Mwaka ule wa mvua ya Elnino alikuwa akirudi kutoka soko la Kangundo na pikapu yake nyeupe, akajaribu kuvuka mto uliofurika. Watu walimtafuta kwa fito ndefu mpaka wakachoka. Hawakupata mtu wala gari. Mito yetu ni mchanga mtupu, na ikimeza kitu imemeza.

Sasa, miaka sita baadaye, samansi ilisema kwamba pikapu hiyo hiyo, nambari ile ile, ilikamatwa Kyumbi ikiwa na stika ya leseni ya barabara iliyokwisha muda. Mwenye gari alitakiwa afike kortini Machakos. Nzisa aliisoma mara ya pili, akahisi baridi ikimpanda miguuni, na jua lilikuwa la utosi.

Mwili ukikosekana, kuna watu huzika mgomba badala yake ili boma litulie. Mbithe, mama yake Kaloki, alilipinga jambo hilo kwa nguvu zake zote. "Ngojeni," alisema. "Mkimzika mtu akiwa bado njiani, mmemfungia lango." Lakini Nzisa alikuwa amechoka kutoka nje kila mbwa akibweka. Alikata mgomba katika shamba la Kaloki, akauvisha koti lake la kanisani, akaufunga kwa leso yake nyekundu, mafundo matatu, kisha akaupigilia ndani ya jeneza kwa mkono wake. Waliolibeba walilazimika kulitua njiani wapumzike. Walitania kwamba mgomba huu umeshiba mvua. Pasta naye alihubiri akitazama mawingu muda wote, asije akacheka au akalia, sijui lipi.

Haya yote yangebaki hadithi ya zamani kama si Bartholomew, mgane mwenye mashine ya kusaga unga, aliyekuwa amemposa Nzisa. Ndoa ilikuwa karibu kutangazwa kanisani. Nzisa alikuwa amekubali, tena kwa furaha, kwa sababu upweke ulikuwa umemchosha kuliko jembe. Mbithe alimwambia neno moja tu: "Wewe ni mjane wa mgomba."

Siku ya kesi Bartholomew alimpeleka Machakos kwa gari lake. Katika ukumbi wa nje wa korti, mwanamume mwenye mikono iliyochubuka aliwasogelea. Alikuwa Musyoka, mchimbaji wa mchanga, ambaye ndiye aliyekamatwa akiendesha ile pikapu. Bartholomew alikuwa ameenda kuulizia chumba cha kesi yao.

"Mama, wewe ndio bibi ya Kaloki?" Musyoka aliuliza. "Mimi sikuiba. Tulikuwa tunachimba mchanga, koleo ikagonga bati. Tukafukua gari yote. Madirisha imefungwa, milango imefungwa, na ndani hakuna hata punje ya mchanga. Ilikuwa imekauka kabisa. Tulitia betri ikawaka."

"Na mtu?" Nzisa aliuliza.

"Hakukuwa na mtu." Musyoka alishusha sauti. "Kulikuwa na mgomba, mama. Imekaa hapo kwa dereva. Mbichi. Tulipoiguza ikatoa maji."

"Ilikuwa imevaa nini?"

Musyoka alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayejuta kuanza mazungumzo. "Koti. Na leso nyekundu, imefungwa mafundo matatu. Tuliitupa kwa mto tukakimbia. Mimi ndio nilirudi kuchukua gari, kwa tamaa yangu."

Nzisa alishika ukuta. Alielewa jambo moja tu, na lilimtia hofu: mgomba wake ulikuwa umekataliwa kaburini. Basi Kaloki bado yuko njiani, na aliyemfungia lango ni yeye.

Waliitwa ndani. Jina la Kaloki lilisomwa kwa sauti, na watu wakageuka kutazama mlango. Hakimu, mama mmoja aliyekuwa na kesi nyingi na subira kidogo, aliuliza, "Mwenye gari yuko hai ama amekufa? Ukiapa amekufa tunaondoa jina lake, tunaendelea."

Bartholomew alimtikisia kichwa kumpa moyo. Neno lilikuwa moja, jepesi, na nyuma yake palikuwa na nyumba yenye mtu wa kuongea naye jioni. Nzisa alitazama mlango. Kumfungia Kaloki lango mara ya pili, tena kwa kiapo, hakuweza.

"Sijui, mheshimiwa," alisema. "Hajafika nyumbani."

Bartholomew aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka taratibu. Musyoka alikiri kosa la stika akatozwa faini. Kesi ya mwenye gari iliahirishwa mpaka apatikane.

Nzisa alirudi nyumbani peke yake. Mbithe alikuwa ameketi kando ya kaburi, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nzisa alimweleza yote: koti, leso, mafundo, na jinsi alivyomjibu hakimu ili mwanawe asikose njia.

"Mgomba ulikuwa kwa gari?" Mbithe aliuliza.

"Ndiyo, mwaitu, mama yangu."

Mbithe aliuweka ungo chini. Alinyoosha kiganja, akakilaza juu ya udongo wa kaburi kama anayempapasa mtoto aliyelala.

"Basi kwa jeneza mlikuwa mmebeba nani?"

Nzisa akawakumbuka wale wanaume, majasho yakiwatoka, wakilitua jeneza njiani. Alimkumbuka Bartholomew na kofia yake. Kisha akaketi ng'ambo ya pili ya kaburi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akamwambia mumewe pole ya safari.