Servisi kwa Kimeru

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa klabu yetu pale Sakina, Arusha, niliukodolea macho mpira kama mtu anayewinda nzi. Kocha Mkuu, mama wa Kimeru mwenye sauti ndogo na amri kubwa, akanigusa bega. "Baba, mpira mwachie mchezaji. Wewe mtazame mpinzani miguu. Uso unaweza kudanganya, mguu hauwezi." Nilikuwa nimetoka kufundisha hesabu na nilijiona najua kila kitu. Nikaanza kutazama miguu.

Hiyo ndiyo kazi ya mchambuzi wa tenisi ya meza. Unairekodi mechi, kisha unaipasua pointi kwa pointi: servisi, yaani mpira wa kuanzia, imeangukia wapi, imerudishwaje, na mpira wa tatu, ule anaoupiga mwenye servisi baada ya kurudishiwa, umezaa nini. Baadaye nilihamishiwa kituo cha vijana Moshono, chini ya Mkurugenzi wa Ufundi, bwana aliyependa michoro kuliko watu. Niliporudishwa kwa mama nilishukuru Mungu, maana kwake ndiko nilikojifunza kuona.

Nitawasimulia mechi moja tu, ya msimu wangu wa mwisho. Neema, binti wa wakulima wa kahawa kutoka mlimani Meru, alikuwa fainali dhidi ya msichana wa Tanga. Mshindi angeingia timu ya taifa ya vijana. Mwaka uliofuata Neema angekuwa amevuka umri, kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Sheria za siku hizi zinamruhusu kocha kuzungumza na mchezaji wake kati ya pointi, na mama alizungumza Kimeru. Watu wa Tanga wangeelewa nini? Seti mbili za mwanzo hakuwa na la kusema, Neema akashinda. Ya tatu ikawa ngumu, mama akaanza kuelekeza, na kadiri alivyoelekeza ndivyo tulivyozidi kufungwa. Tukapoteza ya tatu, tukapoteza na ya nne.

Mimi Mnyiramba, Kimeru sijui hata salamu, kwa hiyo nilibaki na miguu yangu ya kutazama. Mama akinyamaza, msichana wa Tanga alichelewa. Mama akisema, alikuwa ameshajipanga kabla servisi haijapigwa. Kabla ya seti ya tano nikamnong'oneza: "Mama, wanakuelewa."

Hakukasirika. Alitazama benchi la wapinzani, ambako mzee mmoja alikuwa akigonga magoti yake, mara la kulia, mara la kushoto, msichana wake akimtazama.

"Yule kocha msaidizi anaitwa nani?"

"Swai," nikajibu.

"Basi ni wa Machame huyo." Kimachame na Kimeru ni lugha ndugu, anayejua moja hapotei kwenye nyingine. Akamvuta Neema karibu, akamwambia kwa Kiswahili cha chini chini: "Mwanangu, sasa nitanyamaza. Nitasema mara mbili tu, mwishoni. Ya kwanza, piga kinyume. Ya pili, nifuate."

"Sawa, mama."

Ikawa tisa kwa tisa, servisi mbili za Neema. Mama akasema kwa Kimeru apige ndefu, kama alivyokuja kunitafsiria baadaye. Msichana wa Tanga akarudi nyuma. Neema akaweka fupi, ikafia karibu na wavu. Mama akasema tena: ndefu. Swai, aliyekwisha kuumwa na nyoka, akagonga goti la fupi. Msichana akasogea mbele, na ndefu ikampita ubavuni: kumi na moja kwa tisa, mechi yetu.

Nililia, sifichi. Sijaona tena akili kama ile.

Mzee Swai akaja kutupa mkono, anacheka. "Dada, ya kwanza umenidanganya. Ya pili mbona umesema kweli?"

"Mimi mzee wa kanisa, kaka," mama akajibu. "Uongo mmoja kwa siku unanitosha."

Sasa nimestaafu, nakaa Engutoto. Vijana walioshika kazi yangu huja na kompyuta zao, mchoro wa meza umepakwa rangi kila palipoangukia mpira. Kazi safi, na ninawasifu kwa moyo wote. Halafu huwauliza: "Na yule aliyekaa benchi la wapinzani, kwao wapi?"