Mguu Uliokataa Kushuka

Wifi yangu Dominika aliolewa kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu wiki ya kwanza mimi na yeye hatukuelewana. Alikuwa na mdomo. Ukimtuma maji alileta, lakini alileta na maneno juu yake. Kulima alilima kuliko wanaume wawili, na hilo hata baba yangu, mzee Clemens, alilikubali, ingawa kwa kuguna. Nasema haya mapema ili msidhani namsifu kwa sababu ni marehemu. Tumegombana miaka thelathini, na safari nyingi mwenye makosa nilikuwa mimi, Kalista.

Mwaka wa sabini na nne tuliambiwa tuhame. Sisi tuliotawanyika mashambani tukusanyike kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba kwa mstari, mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka mjini Sumbawanga. Kaka yangu Kasimiri, mume wa Dominika, alikuwa amepelekwa Mbeya kwenye kozi ya kilimo ya miezi mitatu, kwa hiyo nyumba yao aliibomoa mkewe. Alipanda paani kung'oa miti ambayo ingefaa tena. Nikamwambia awasubiri wanaume wa kijiji waje kumsaidia. Akanijibu kwamba wanaume wa kijiji nao walikuwa wanawasubiri wake zao. Boriti ikateleza, naye akaja nayo chini, mguu wa kushoto ukavunjika kati ya goti na kifundo.

Hospitali walimnyoosha mfupa na kumfunga plasta kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Kwetu tuliiita hogo, kwa kuwa ilifanana na muhogo uliomenywa. Baada ya siku mbili wakamruhusu arudi nyumbani, lakini kabla hatujaondoka muuguzi mmoja alitukalisha. Jina lake Atuganile, mtu wa Rungwe, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Akatueleza taratibu, kama anayejua anazungumza na watu wa aina gani. Mguu ukae juu ya mto, juu kuliko moyo wa mgonjwa, mchana na usiku, ili uvimbe upungue. Vidole avitikise kila mara. Plasta isilowe, na kitu chochote kisiingizwe ndani hata pawashe namna gani. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, tusingoje kesho. Uvimbe ukikosa nafasi ndani ya plasta, alisema, unaubana mguu mpaka damu haipiti, na mguu usiopata damu hukatwa.

Dominika alimrudishia maneno yote yale, moja baada ya jingine, mpaka Atuganile akaridhika. Mimi nilikuwa natazama dirishani.

Tukarudi kijijini. Nyumba mpya ilikuwa na kuta na nusu ya paa, tukamlaza upande wenye paa, mguu juu ya gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Jumapili baada ya misa watu wakaanza kuja kumpa pole, na wa kwanza alikuwa baba.

Hapa niwaeleze wasiotujua. Kwa watu wa Ufipa, hasa wa umri wa baba, salamu si jambo la kupita nalo. Mkwe wa kike akimwona baba mkwe huchuchumaa, hupiga makofi polepole, huuliza hali na kungoja jibu. Kumsalimu umelala ni matusi. Kumsalimu umelala na unyayo umeelekezwa usoni kwake, ukiwa juu kuliko kiti alichokalia, hilo sikuwahi kulisikia. Nilipoona kofia ya baba mlangoni nilishikwa na aibu kama vile mguu ule ulikuwa wangu. Nikamwambia Dominika ashuke upesi. Akanikumbusha maneno ya muuguzi. Nikamjibu kwamba muuguzi ni Mnyakyusa, hajui desturi zetu, na baba hatakaa sana.

Akashuka. Alikaa mkekani, hogo limenyooshwa pembeni, akapiga makofi. Baba alikaa sana. Aliletewa pombe ya kimpumu, akanywa, akasimulia habari za mipaka ya viwanja mpaka jua likageuka. Alipoondoka wakaja wazee wenzake, na kila alipoingia mzee mimi nilisema shuka, naye alishuka. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Jirani mmoja akamletea kijiti chembamba cha kukunia ndani ya plasta, mwingine akashauri tummiminie maji ya dawa ya mizizi. Hayo aliyakataa kwa ukali mpaka wakanuna. Mambo ya heshima tu ndiyo aliyonikubalia, na nadhani alinikubalia kwa sababu alikuwa amechoka kugombana.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta anatazama vidole vyake. Vilikuwa vimejaa, vinang'aa, rangi yake imegeuka. Alisema kidole kikubwa hakisikii kitu, na maumivu ya ndani yalikuwa yamezidi tangu jana. Nilivigusa, vilikuwa baridi, na vya mguu mwingine vilikuwa na joto. Niliogopa. Lakini hofu yangu haikuwa imekomaa bado, maana palepale baba akabisha hodi, nami, Mungu anisamehe, nikasema yaleyale.

"Wifi, baba huyo. Shusha mguu."

"Sishushi."

Baba akaingia. Dominika hakujificha wala hakujifunika uso. Aliweka viganja pamoja kifuani, akapiga makofi akiwa chali, mguu uko juu ya gunia.

"Shikamoo, baba. Nakusalimu nikiwa nimelala. Nikishuka, mguu unakufa."

Baba hakuitikia. Alinigeukia mimi, akasema nimwambie wifi yangu kwamba atarudi siku atakayorudiwa na adabu, kisha akatoka na fimbo yake. Nilitaka ardhi inimeze. Dominika aliniambia niache kuutazama mlango na niende nikatafute mkokoteni.

Mikokoteni yote wakati ule ilikuwa chini ya mwenyekiti wa kijiji, Flavian, na ilikuwa ikisomba nyasi za kuezekea ofisi. Kumwendea mwenyekiti bila barua ya balozi wa nyumba kumi ilikuwa kazi bure. Balozi wetu Marselino alikuwa mtu mwema, ila maneno aliyaandika kwa uchoyo kama anayeyanunua. Nilimweleza yote, akachukua kipande cha karatasi, akaandika: "Ndugu Mwenyekiti, Dominika mke wa Kasimiri amevimba. Anataka mkokoteni leo." Akapiga sahihi. Nikampelekea Flavian karatasi ile bila kuisoma.

Sasa huyo Flavian wiki nzima alikuwa akipambana na watu waliovimba kwa maana yake yeye. Mmoja alikataa kuvunja nyumba, mwingine alikataa shamba la kijiji, mwingine alimwambia ng'ombe wake si wa ujamaa. Akasoma kwamba mke wa Kasimiri naye amevimba na anadai mkokoteni, leo, si kesho. Alikunja karatasi, akaniuliza kama wifi yangu anadhani kijiji ni cha baba yake, na akaanza kutembea kabla sijajibu. Nilimkimbilia nyuma nikijaribu kueleza, lakini alikuwa anazungumza peke yake, kwa sauti, ili njia nzima isikie.

Alifika mlangoni akiwa na shati lake la kijani na hasira zake zote. Akamkuta mwanamke amelala, mguu hewani, unyayo unamtazama. Nikadhani sasa tumekwisha. Flavian alimuuliza, mbele ya majirani waliomfuata, kama ni kweli kwamba amevimba.

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimevimba," Dominika alisema. "Na sishuki. Shika vidole hivyo, kisha uwaambie hawa nimevimba namna gani."

Alisema kwa ukali. Flavian alisita. Mwanaume kumshika mguu mke wa mtu mbele za watu si jambo dogo. Akanyoosha mkono, akashika kidole kikubwa, akakibinya, akamtazama usoni. Akabinya tena kwa nguvu zaidi. Dominika alimwambia kwamba kama ameshaanza kubinya amjulishe, maana yeye hajui. Yule bwana akauachia mguu taratibu, akageuka, akaamuru nyasi za ofisi zimwagwe palepale njiani na mkokoteni uletwe.

Tulimlaza chali, mguu tukaufunga kwa kanga kwenye mti tuliousimamisha ubavuni mwa mkokoteni, ukawa juu kuliko vichwa vyetu. Njia ilipita mbele ya ua wa baba. Alikuwa amekaa na wazee wanne. Nilimwomba mwendesha ng'ombe apitie nyuma ya nyumba, Dominika akasema apite mbele. Tulipofika usawa wao Dominika aliwasalimu wote, mmoja mmoja, kwa jina la ukoo na kwa sauti, akipiga makofi, na hogo hewani. Hakuna aliyejibu. Aliendelea kupiga makofi mpaka tukakata kona, na hapo ndipo alipolia.

Atuganile alituona tukiingia. Hakuuliza mengi. Daktari aliletwa, akaichana plasta kwa urefu wake wote, akakata na pamba ya ndani mpaka kwenye ngozi, akaipanua. Nyama ilijitokeza kwenye ufa ule, na malengelenge, nikageuza uso. Tukaambiwa tungoje tuone kama damu itarudi, na isiporudi watalazimika kupasua ngozi, na pengine zaidi ya hapo. Katika kungoja huko Atuganile akauliza nani alimwambia mgonjwa ashushe mguu. Dominika alikuwa amefumba macho. Angeweza kunitaja, na sielewi mpaka leo kwa nini hakunitaja.

"Mimi," nikasema.

Muuguzi hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akaendelea kushika vidole. Nilitamani anigombeze. Nilikaa pale na kusali rozari nzima nikikosea mafumbo, nikiwaza nitamwambia nini Kasimiri akirudi kwenye kozi akute mkewe ana mguu mmoja kwa sababu dada yake alikuwa na aibu. Baada ya muda mrefu Dominika alipiga ukelele. Kidole kilikuwa kinauma, tena kinauma vibaya sana. Atuganile akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema aachwe apige kelele atakavyo. Daktari alituambia kwamba lau tungengoja mpaka kesho yake asubuhi, angekuwa anazungumza nasi habari nyingine.

Alilazwa wiki tatu, akafungwa plasta mpya, na kwa jumla ilipita miezi minne kabla hajatembea bila mkongojo. Alipopona kabisa, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kumsalimu baba. Nilifuatana naye. Baba alikuwa kibarazani. Dominika alisimama mbele yake, wima, akapiga makofi, akasema shikamoo. Baba alingoja achuchumae. Hakuchuchumaa. Nilihesabu kuku waliopita. Mwishowe baba akasema marahaba, kwa sauti ndogo, akaniagiza mimi nimletee wifi yangu kiti.

Tangu hapo hakuna aliyemwona Dominika akichuchumaa mbele ya mtu, awe mzee, padri au mkuu wa wilaya. Kijiji kizima kilimwonea huruma, kikisema masikini, goti lile halikunjiki tena. Wake wengine vijana walianza kusema magoti yao nayo yanauma. Mimi nilinyamaza. Kila msimu wa maharage nililima naye shamba moja, na kutwa nzima nilimwona akipanda kwenye matuta, amechuchumaa, magoti yote mawili yamekunjika sawasawa.