Nilivyomfuta Malkia

Najicheka mwenyewe kabla hamjaniwahi. Mimi ni karani wa chama cha wafugaji nyuki hapa Itigi. Kwenye kompyuta ya ofisi niliweka kwa siri pochi yangu ya sarafu za mtandaoni, nayo ikapakua mafaili yake mpaka diski ikajaa. Nikatafuta cha kufuta, nikakuta video kubwa imeandikwa "Malkia". Nikasema, mhasibu wetu naye na tamthilia zake! Nikaifuta.

Siku ya mafunzo, wafugaji wameshajaa ukumbini, mwenyekiti wetu Mama Neema akaniambia, "Haya mwanangu, tuonyeshe malkia anavyotaga."

Nikawasha projekta. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: "Pochi yako imekwama: diski imejaa tena. Futa kingine."

"Pochi ya nani?" akauliza.

Nikamwamkia upya: "Shikamoo, mama."