Mpaka Niliouona Dirishani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinitafutie makosa ya kalamu. Niliishia darasa la tatu. Lakini macho ninayo, na haya sikuhadithiwa.

Nilikaa Dar kwa binti yangu miezi miwili, nikarudi Arusha kwa treni na mjukuu wangu wa kike. Kulipokucha tulikuwa tumeingia kwetu Meru. Mashamba yale nimeyazoea kwa upande wa barabara. Reli inapita nyuma, na nyuma ndiko watu wanakoficha mambo. Migomba imekatwa, kahawa imeng'olewa, matofali yamepangwa hadi unachoka kutazama.

"Bibi, si ulisema huku kuna migomba mpaka mtu anapotea?"

"Ilikuwepo. Wameuza, wamenunua pikipiki. Watu wamezaa watoto hawana akili."

Nikacheka peke yangu. Yeye hakucheka.

Treni ikapunguza mwendo, nikaona mparachichi niliopanda kwa mkono wangu. Ua wa masale, ile mimea ya majani marefu, chini yake haukuwepo. Sisi Wameru tunapanda isale mpakani na kaburini, na aliyelelewa haling'oi. Yale aliyapanda marehemu mume wangu. Sasa pamechimbwa msingi wa nyumba, hatua chache tu kutoka kaburi lake.

"Ulijua?" nikamuuliza mjukuu.

"Mjomba alisema usiambiwe mpaka ufike. Presha yako, bibi."

Mjomba huyo ni kitindamimba wangu, aliyeachiwa shamba atutunze, naye ndiye aliyeuza. Nilipofika nyumbani akapiga magoti, ameshika isale. Kwetu anayekuja na isale kuomba msamaha hakataliwi, hata kama ameua. Nikatazama mizizi, ilikuwa bado na udongo.

"Umelitoa wapi?"

"Kule mpakani, mama. Mwenye kiwanja alikuwa anayatupa."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu aliyeokota kuni.

Nililipokea, mila ilinifunga. Mkono ulipokea, moyo mpaka leo haujafika. Nasali kanisani kila Jumapili na bado haujafika. Ukuta wa yule mnunuzi umeshapanda, kaburi silioni tena nikiwa jikoni.

Siku ile ile niliyorudi niliwaita wote wa nyumbani uani, nikamrudishia mwanangu lile isale mbele yao.

"Lipandeni hapa mlangoni kwangu, maana mpaka wetu ndio umefika hapa. Na asiling'oe mtu mpaka mnitoe nimebebwa."