Boksi Chini ya Beseni

Mimi sikusoma. Nalisema mapema, msomaji asije akatafuta humu maneno makubwa akayakosa. Darasa la nne niliondoka mwenyewe kwa miguu yangu, shule haikunifukuza. Leo ukiona keki ya harusi inapita popote kati ya Bagamoyo na Bunju, kuna uwezekano mkubwa boksi lililoibeba limetoka kwangu. Nina mashine mbili za kukata na watu tisa wanaoniita bosi, wawili kati yao wana vyeti vya chuo. Sikuanzia kwa mjomba wala kwa mkopo. Nilianzia jikoni kwa mama, kwenye sufuria ya uji wa ngano.

Mama alikuwa akiuza karanga na ubuyu barazani kwetu, na pakiti alizikunja mwenyewe kwa kurasa za madaftari yaliyokwisha. Gundi yake ilikuwa uji mwembamba uliopikwa kwa maji ya mwarobaini, ili mende wakionja wakimbie. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa hakipindi, mbuzi ya nazi ilimkata mshipa tangu usichana wake. Kwa hiyo alikunja kinyume na watu wote. Alianzia kushoto, akapindua pembe mara mbili, kisha akachomeka ulimi wa karatasi ndani kama anayefunga sambusa. Pakiti ya mama ungeitia mfukoni ukakimbia nayo hadi Kaole isimwage hata punje. Kidole changu mimi kinapinda vizuri tu, lakini nilijifunza kwake, na nikakunja kushoto vilevile.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka thelathini na kitu, napeleka mayai kwenye hoteli moja ya ufukweni. Msimamizi alikuwa mama wa Kizungu aliyekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka. Akaniuliza kama namjua fundi wa viboksi vya karatasi vya kutilia pipi za watoto wa wageni. Mwisho wa mwezi wa kumi wana sikukuu yao, Haloini, watu wanavaa kama mizuka na kutishana kwa furaha. Nikamwambia fundi huyo anamtazama. Sikuwa nimetengeneza boksi hata moja maishani mwangu. Lakini hapo ndipo tunapoachana mimi na wasomi. Msomi angeomba siku mbili za kufikiri.

Basi wiki nzima sebule yetu ikawa kiwanda. Nilinunua manila nyeupe kwenye duka la vifaa vya shule. Rangi nyeusi nikaipata kwa masizi ya sufuria niliyoyakoroga na gundi, na ya machungwa nikatumia ile ya unga wanayotilia ukili wa mikeka. Mimi nilikata na kuchora popo, buibui na boga lenye meno, mama akakunja. Vuli ilikuwa imeanza, manila ikawa inalegea kwa unyevu, tukayapanga maboksi kuzunguka jiko la mkaa kama watu wanaoota moto. Mama alicheka sana na lile boga. Aliniuliza hao wageni hawana nazi ya kulipikia huko kwao, mpaka boga zima walitoboe macho? Nimekaa kwenye viti vya ngozi tangu siku zile, nimekula na wakubwa, lakini ukiniuliza wapi nilikuwa tajiri, nitakwambia pale chini kwenye jamvi, vidole vinanata uji, mama ananigombeza kwamba popo wangu wana masikio ya punda.

Hoteli ilifurahi. Nikabaki na manila ya viboksi kumi na viwili, na rangi ya machungwa imekwisha. Mama akayakunja yakiwa meupe, nami nikayachora baadaye kwa nyekundu. Boksi jeupe, uso mweusi, mdomo mwekundu. Niliyaona ndiyo mazuri kuliko yote. Sasa, yule mama wa hotelini alikuwa amenisimulia kwamba kwao mtu humwekea jirani zawadi mlangoni akaondoka kimyakimya, jirani akiamka anaikuta anafurahi. Nikaona hilo ni tangazo la bure. Baada ya sala ya alfajiri nikayajaza bisi na pipi, nikapita mtaani nikaweka moja moja kwenye baraza kumi na mbili. Mama sikumwambia. Nilitaka sifa azisikie kwa watu.

Msomaji wa Pwani ameshashika kichwa. Nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi za vitambaa vya mizimu, na ndani bisi, na limewekwa mlangoni kabla jua halijatoka na mtu asiyejulikana. Hata mtoto wa chekechea kwetu anajua hiyo ni kafara ya mtu, umeletewa balaa lake. Mimi mzaliwa wa palepale sikuliona hilo. Niliyatazama maboksi yale wiki nzima nikaona maboksi.

Nyumba kumi na moja waliyasukuma kwa fimbo mpaka mtaroni, wengine wakayachoma kwa mafuta ya taa, na kila mtu akanyamaza, maana jambo la namna hiyo huulizi. Nyumba ya kumi na mbili ndiyo iliyoniumiza. Ilikuwa ya shoga yake mama, inatazamana na yetu. Waliolewa mtaani pale mwaka mmoja. Kila alasiri, miaka arobaini, yule mama alivuka njia na kigoda chake mkononi, wakanywa kahawa na mama na kuwasema watu. Mwaka huo binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, baada ya mimba mbili kuharibika zikiwa kubwa. Yule mama alipoliona boksi barazani hakuligusa. Aliinama akaangalia mkunjo. Umeanzia kushoto, pembe imepinduliwa mara mbili. Mtaa mzima unaujua mkono huo ni wa mama.

Alasiri ile hakuja. Ya pili hakuja. Mama alimsalimu kutoka upande wetu, mwenzake akaegesha mlango. Wateja wa karanga nao wakaanza kupita wakitazama mbele. Mama alikaa na vikombe viwili mpaka kahawa ikapoa, akaniuliza kama nimesikia lolote, kama amemkosea nini mwenzake. Nikamwambia atakuwa ana kazi nyingi. Barazani kwa yule mama niliona beseni limefunikwa, juu yake jiwe la kusagia, nikadhani kafunika vifaranga.

Siku ya tatu nilipita dirishani kwake nikamsikia akiongea kwa simu na mganga wa Msata. Alikuwa akimweleza kwamba kitu hakijaguswa, kipo chini ya beseni, na kwamba aliyekileta ni mtu aliyekula naye sahani moja. Nikasikia wakiagana kwamba mganga afike kesho yake. Nikaelewa yote kwa mara moja. Mganga angekuja, angemtaja mtu, na mwanamke mjane mzee akishatajwa mtaani kwetu, hilo jina hafutiwi hata akifa.

Nilirudi nikamwambia mama. Kukiri kosa si kazi yangu, hadi leo walionisikia nikikiri nawahesabu kwa vidole, lakini siku hiyo nilikiri. Mama hakunitukana. Alinawa mikono, akajitanda kanga, akasema nikienda peke yangu nitaonekana nimetumwa.

Alibisha hodi mara tatu. Mlango ukafunguka kidogo.

“Shikamoo, mama,” nikasema. Hakuitika.

“Shoga,” mama akasema, “hicho ulichokifunika nimekikunja mimi, sikatai. Aliyekiweka ni huyu mjinga niliyemzaa. Wamemfundisha hotelini zawadi ya kuweka na kukimbia.”

“Mama humfichia mwana, na mwana humfichia mama. Mwanangu yumo ndani ana mimba ya miezi minane. Wajukuu wawili nimeshawazika.”

“Najua. Niliwaosha mimi.”

Mama akainama kwenye beseni, nikataka kumsaidia jiwe akanisukuma mkono. Boksi lilikuwa limejaa sisimizi, masizi yamechuruzika, uso wote umeharibika. Akalifungua, akatoa bisi zilizolegea kama pamba, akapuliza sisimizi wachache, akala. Mwenzake alikuwa akimwangalia shingo, aone kama anameza.

“Kula na ile pipi nyekundu.”

“Meno yangu unayajua.”

“Kula.”

Mama akaitafuna kwa upande wenye meno, polepole, macho yake yako kwa mwenzake.

“Na yeye.”

Nikala zote zilizobaki, na sisimizi wake. Ningeambiwa nile na manila ningekula. Tukasimama pale watatu tukisubiri, sijui tulisubiri nini. Mwishowe yule mama akainama akalitazama lile boksi tupu.

“Huyu uliyemchora ni nani?”

“Boga, mama.”

“Boga lina masharubu?” Akamgeukia mama. “Mbona kama marehemu baba yake?”

Mama akatazama kwa makini. “Ndiye,” akasema. “Kabla hajanawa uso.”

Wakacheka. Yule mama alishika mwimo wa mlango, mama akakaa chini kabisa, na binti akaita kutoka ndani akiuliza kuna nini. Alipomaliza kufuta machozi, yule mama akanitazama na kuniambia, “Marahaba.” Kisha akaenda kumpigia mganga wa Msata asije.

Mama hakuniachia hapo. Siku hiyohiyo alinipitisha nyumba zote kumi na moja, nabisha hodi, naeleza, nala mbele yao bisi zilizobaki nyumbani. Baba mmoja alinikalisha kwenye mkeka mpaka adhana ya magharibi, aone kama nitaanguka. Sikuanguka. Na nyumba mbili katika hizo ndizo zilizoniagiza maboksi ya akika baadaye, kwa hiyo wanaosema biashara yangu imeinuliwa na hoteli hawajui kitu.

Binti alijifungua salama mwezi uliofuata. Mama na shoga yake wote wameshatangulia. Mwezi wa kumi ukifika hoteli bado inaniagiza, mashine inakata, gundi natumia ya kopo. Ni maboksi mazuri, na sijaona mwenye mazuri kuliko yangu. Lakini yapange mia mezani, hutaniambia lipi limepita mkononi mwa nani.

Kesho yake alasiri, baada ya zile nyumba kumi na moja, nilikuwa nimelala dirishani, tumbo limenijaa bisi. Nikaona kigoda kinavuka njia. Yule mama akakiweka mahali pake, akakaa, akajifunga kanga vizuri magotini. Mama hakuinua macho kwenye karanga anazochambua. Alimsogezea kikombe tu. Mwenzake akaonja, akakunja uso.

“Kahawa ya juzi hii?”

“Ya juzi,” mama akasema. “Ilipokuwa ya moto ulikuwa wapi?”